Tupeane uzoefu: kushea lokesheni na marafiki kumekusaidia au kumekuponza?

Wakuu habari zenu. Hili jambo limenikaa moyoni naomba tupeane uzoefu. Mimi na rafiki yangu wa karibu tulikuwa tumesheana lokesheni kwenye Google Maps, ile ambayo inaendelea mpaka uizime mwenyewe, tulianza siku moja alipopotea usiku ikabidi nimwelekeze kwa simu, baada ya pale tukaiacha tu, karibu miaka miwili. Mwanzoni raha tupu, naona kidoti chake kinasogea najua anakaribia nawahi kumfungulia mlango. Sasa kuna siku nilimwambia leo sitoki nimechoka, na kweli nilikuwa nimeshalala, saa nne usiku rafiki yetu mwingine akanipigia analia, ndoa imevunjika, akaomba nisimwambie mtu, nikavaa nikaenda. Yule wangu akafungua ramani akakuta kidoti changu kiko kwa mwenzetu. Hakuuliza. Wiki tatu meseji zangu anajibu "ok" na "poa" tu, mi hata sijui kosa langu ni nini. Nyie wenzangu mmepitia yapi?

Mdau 1: Pole sana mkuu. Kwangu mimi iliokoa mtu. Rafiki yangu ana kisukari, anachoma insulini, akitoka peke yake huwa anatutumia laivu lokesheni ya WhatsApp kwenye grupu letu la watu wanne, pale unachagua ionekane kwa muda gani, dakika 15, saa 1 au saa 8, yeye huchagua saa 1. Siku hiyo nikaona kidoti kimesimama, nikasema labda anapumzika, baada ya dakika kumi kiko palepale, napiga hapokei. Nikatoka mbio. Ramani ikanifikisha kwenye jengo la ghorofa sita ikaishia hapo, maana haikwambii ghorofa ya ngapi na ndani ya majengo GPS inayumba, nikapanda ngazi naita jina lake mpaka ghorofa ya nne nikamkuta amekaa chini, jasho linamtiririka, anaongea maneno hayaeleweki, sukari imeshuka. Bahati alikuwa bado anaweza kumeza, nikamnywesha kidogo kidogo soda yenye sukari huku naita msaada. Tangu siku ile akiingia jengo lolote anatuandikia na ghorofa.

Mdau 2: Naongezea hapo, msichague muda mfupi kuliko safari. Niliweka saa 1, foleni ikafanya safari iwe saa na nusu, ikajizima njiani, mwenzangu akajua nimetekwa, simu iko kwenye begi nakuta missed call kumi na saba. Weka saa 8, ukifika zima kwa mkono wako.

Mdau 3: Mimi iliniponza jamani. Kuna apu ya picha ilikuwa inanionyesha kwa kila niliyemkubali kama rafiki, watu mia tatu na kitu, wengine hata sura siwajui. Kaka mmoja akawa anatokea kila nilipo, mara mazoezini mara maktaba, "aa tumekutana tena", nami naona ni bahati tu. Mara ya nne akanikuta kituoni peke yangu saa tatu usiku akaniambia mbona leo umechelewa kutoka. Nilikufa ganzi. Usiku uleule nikaingia kwenye setingi za simu, sehemu ya ruhusa, nikainyima ile apu lokesheni kabisa. Sasa hivi wananiona watu wawili tu, mama na dada yangu. Wadada wenzangu nawaomba fungueni leo hii mhesabu ni wangapi wanawaona.

Mdau 1: Dah pole sana, hiyo inatisha. Mleta mada, mlimalizana vipi?

Mleta mada: Nilimfuata kwake nikamuuliza. Akatoa simu akanionyesha skrinshoti ya ramani, ina saa kabisa, ameitunza wiki zote tatu. Nikamwomba ruhusa yule mwenzetu ndo nikamweleza rafiki yangu ukweli, akalia sana, nikalia na mimi. Tukazima kushea lokesheni kwenye simu zote mbili palepale tumekaa kitandani. Jana alikuja, akanipigia akiwa njiani, "nakaribia, fungua mlango".