Tela la mbao la kulala: linachezesha mkia, plaiwudi imevimba. Nimekosea wapi?

MwalimuNyegezi:
Mwangaluka wakuu. Nipo Nyegezi, Mwanza, nafundisha fizikia sekondari (ndiyo, mtanicheka mbele ya safari), na tangu Januari najenga uani tela la kulala watu wawili. Ni kiboksi tu, futi 4 kwa 8, ukubwa wa shiti moja ya plaiwudi, mgongo umejikunja kama tone la maji. Ndani ni godoro basi. Nyuma kuna mlango unaofunguka kwenda juu, na chini yake ndiko jikoni. Nimechora mwenyewe kwa kuangalia picha za Marekani, wenzetu wamekuwa wakiyajenga haya majumbani tangu miaka ya 1930. Lengo langu mwezi wa sita nikalale na mke wangu upande wa Lamadi, alfajiri tuingie Serengeti kwa geti la Ndabaka. Yeye analiita "jeneza lako lile".

Chesi alichomelea kijana wa Buhongwa, ekseli na springi za majani zimetoka kwenye pikapu iliyokufa. Nimelivuta kwa RAV4 ya zamani mpaka Kisesa. Spidi 50 linafuata kama mbuzi mwenye adabu. Baada ya Igoma nikagusa 65, likaanza kuchezesha mkia, kushoto kulia, kushoto kulia, kila mzunguko mkubwa kuliko uliopita. Nikakanyaga breki, likazidi. Bodaboda mmoja alitoka nje ya lami kunikwepa, na alichoniambia sikiandiki hapa.

Jambo la pili ni mvua za Aprili. Nilipaka rangi ya mafuta mara mbili, lakini pembe za chini za plaiwudi zimevimba, ukibonyeza kucha inazama. Nafikiria kuita mafundi mitumbwi wapige kalafati (ile pamba inayosindiliwa kuziba nafasi za mbao) kwenye maungio. Mtumbwi si unakaa ziwani mwaka mzima?

DagaaMkavu:
Funga mashine ya boti hapo jikoni uende nalo Ukerewe kwa maji. Bodaboda watapumua.

SukaKirumba:
Mwalimu, swali moja tu. Tela likiwa na mizigo yote, umelifungua kwenye gari, unaweza kunyanyua mkono wake (kile chuma cha mbele kinachofungwa kwenye gari) kwa mkono mmoja huku umeshika simu?

MwalimuNyegezi:
Naweza. Nilidhani hiyo ndiyo sifa, kwamba limebalansi.

SukaKirumba:
Hapo ndipo ulipojikaanga. Nimevuta matela ya boti kati ya hapa na Musoma miaka mingi. Tela lililobalansi kama mizani halifai barabarani. Pua, yaani ncha ya huo mkono, lazima ilalie gari: asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote ikae juu ya mpira wa kuvutia (kile kitufe cha chuma nyuma ya gari). Pua ikiwa nyepesi, mkia ndio unaoamua safari. Tafuta mizani upime, na utuambie huko nyuma umeweka nini.

Na likianza tena kucheza usikanyage breki kwa nguvu. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, liache lipoe lenyewe.

FundiIgombe:
Mwalimu salama? Mimi natengeneza mitumbwi, nikija kukupigia kalafati nitakula hela yako bure. Pamba kwenye mtumbwi inafanya kazi kwa sababu mbao zinakunywa maji zinavimba, zinaibana. Ndiyo maana mtumbwi uliokaa juani mwezi mzima, ukiurudisha majini unavuja siku za mwanzo mpaka ushibe. Tela lako linalowa leo, kesho linakauka, linatikiswa kwenye matuta. Pamba yote utaiacha barabarani kabla ya Magu.

Tena plaiwudi siyo mbao ya mvule. Ni karatasi za mti zilizobandikwa pamoja, na ukingo wake ni midomo ya mirija, inakunywa. Wewe ulipaka rangi usoni, mdomo ukauacha wazi. Kata pale palipooza mpaka ufike pakavu, usionee huruma. Weka kipande kipya. Lianike kivulini penye upepo wiki mbili, usikimbilie jua litapinda. Kisha epoksi (ile gundi ya kuchanganya chupa mbili) kwenye kingo: mkono wa kwanza mwepesi, utaona unanywewa wote, rudia, rudia tena mpaka ukingo ubaki unang'aa. Kila tundu la skurubu nalo lipate yake. Rangi ndiyo ije juu, maana epoksi peke yake jua linaiua.

Swali: ubavu umeishia juu ya sakafu au umeshuka kuipita? Kama umekaa juu ya sakafu, maji yanatiririka yanaingia kwenye kiungo na kulala humo. Ushushe uipite kwa nchi moja, maji yadondoke chini.

MwalimuNyegezi:
Umekaa juu ya sakafu, fundi. Aisee.

Suka, nimeazima mizani ya kuning'iniza kwa mama muuza samaki pale Mwaloni. Kwa hesabu zangu tela lote ni kama kilo 420. Pua: kilo 11! Huko nyuma kuna mtungi wa gesi, jiko, betri ya sola na dumu mbili za lita 20 za maji. Na darasani nafundisha momenti (uzito mara umbali) kila mwaka.

GestiLamadi:
Mimi nina gesti huku, kwa hiyo ushauri wangu uchujeni wenyewe. Usiegeshe ufukweni kwenye majani mafupi, hayo hayajakatwa na mtu. Viboko wanapanda usiku kula, na njia yao hawaihamishi kwa sababu yako. Acha matundu mawili ya hewa yenye neti, moja chini moja juu, la sivyo pumzi zenu zitaloweka godoro. Taa ya nje zima, wadudu wa ziwani wakija wanakuja kama moshi.

Halafu mlango umeuweka upande gani? Picha za Marekani mlango unakuwa kulia kwa sababu wao wanaendesha kulia. Huku ukipaki kando ya barabara mkeo atashukia kwenye malori.

MwalimuNyegezi:
Mrejesho. Nimejenga kisanduku juu ya mkono wa tela, dumu zote mbili zimehamia humo. Kilo 40 zimesogea mbele mita 2.4, na kutoka ekseli hadi mpira ni mita 2.6, kwa hiyo pua ilipaswa kuongezeka kama kilo 37. Mizani ya samaki imesema 48. Jumamosi asubuhi nimeenda nalo mpaka Magu, nimefika 80, limetulia. Ila maji yakiisha safarini pua inakuwa nyepesi tena, kwa hiyo betri nayo inahamia mbele wiki hii.

Kingo ziko kwenye mkono wa tatu wa epoksi, fundi. Bado zinakunywa.

Mlango uko kulia. Nimeuchungulia mara tatu nikitumaini nimechanganya. Leo mchana nachora mstari wa msumeno upande wa kushoto, na mama watoto kaomba ashike futi mwenyewe.