Rafiki yangu ameitoa siri yangu kama ombi la maombi. Ninyamaze au nimwendee?

Mwanakwaya
Shalom wapendwa, naombeni ushauri. Nina rafiki wa siku nyingi, tunaimba sauti moja kwaya. Nilimweleza kwamba mimi na mume wangu hatuelewani, hata vyumba tunalala tofauti. Wiki iliyopita akaandika kwenye kikundi cha maombi: "Tumwombee dada yetu mmoja wa kwaya, ndoa inayumba, hawalali chumba kimoja." Jina hakutaja, lakini wenye ndoa kwaya yetu ni wachache. Na mume wangu yumo kwenye kikundi hicho.

Mithali 17:9 inasifu anayefunika kosa. Mathayo 18:15 inaniambia nimwendee aliyenikosea. Nifuate lipi? Nampenda, sitaki kumpoteza, ila Jumapili nilishindwa hata kumtazama usoni.

Mama Mwombaji
Pole sana mpendwa. Mimi ningesamehe na kunyamaza. Petro anasema upendano husitiri wingi wa dhambi. Huenda alikuwa na mzigo wa kweli wa kukuombea.

Mzee wa Kanisa
Binti yangu, mistari hiyo haigombani. Soma nusu ya pili ya Mithali 17:9: anayelirudia-rudia neno hutenga rafiki. Kinachokatazwa ni kulitembeza kosa kwa watu. Ndiyo maana Yesu naye anasema uende "wewe na yeye peke yenu". Ukimwendea hivyo, bado umemsitiri.

Kunyamaza kunafaa pale jambo linapokuwa limekwisha moyoni. Lako halijaisha, wewe mwenyewe umesema huwezi kumtazama. Walawi 19:17 inakataza kumchukia ndugu moyoni, na papo hapo inaagiza kumwonya. Nimesuluhisha wengi, na mara nyingi aliyekosewa hufika kwangu wakati nusu ya kanisa inajua, isipokuwa aliyemkosea. Kwa hiyo usianze na mwalimu wa kwaya, wala usimtumie ujumbe mrefu usiku. Kaeni ana kwa ana, umuulize: "Yale maombi yalikuwa yananihusu mimi?" Kisha nyamaza umsikilize. Akikubali, mwombe aufute ujumbe, na asiandike maelezo yoyote ya kuurekebisha. Maelezo yatawaamsha hata waliopita bila kuelewa.

Baba wa Familia
Mbona mume hatajwi? Naye amesoma mambo ya chumba chake mbele ya kanisa zima. Dada, kabla ya rafiki, anza nyumbani. Mathayo 5:24 inamwambia mtu aache sadaka yake mbele ya madhabahu aende kupatana kwanza na ndugu yake, sembuse mume.

Mwanakwaya
Asanteni sana. Mume wangu tangu siku ile ananijibu kwa neno moja moja, nadhani sasa naelewa. Nitaongea naye leo usiku, rafiki nitamwendea Jumamosi kabla ya mazoezi. Mzee, akikana je?

Mzee wa Kanisa
Usimwonyeshe picha za ujumbe, wala usimtajie waliokuambia. Mweleze lilivyokuumiza, umpe siku chache. Mashahidi wa Mathayo 18:16 ni kwa aliyekataa kusikia. Mtu aliyeshikwa na aibu mara ya kwanza hajafika huko. Na kwa sasa, mambo ya ndani ya ndoa mpelekee mchungaji, mkiwa wawili, wewe na mumeo.