Mrejesho: Hataza ya breki ya mkokoteni

Habari zenu wakuu. Niliuliza hapa kama naweza kupata hataza (haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasiige ubunifu wako) ya breki niliyobuni ya mkokoteni: ukiachilia mpini, kipande cha tairi kuukuu kinabana ringi. Samahani kwa kupotea.

Aliyenisihi nitafute kama kuna aliyenitangulia kabla ya kumlipa mtu yeyote, Mungu akubariki. Usiku mbili kwenye Espacenet, tovuti ya kutafuta hataza, bure kabisa, na roho ikadunda. Wazo si langu! Hata zile toroli za mizigo za uwanja wa ndege hujibana ukiachilia mpini. Miaka yote nimezisukuma pale JKIA bila kujiuliza.

Nilichobaki nacho ni kishikizo kinachojikaza kadiri mpira unavyolika. Kwa hicho nilikwenda KIPI, taasisi ya kusajili hataza Kenya, iliyoko South C, Nairobi, nikafuata ushauri wa yule mama wa hapa: niombe yutiliti modeli, yaani cheti cha ubunifu mdogo, badala ya hataza. Ulinzi wake ni miaka 10, si 20, lakini hudai tu kiwe kipya na kitumike, hakibanwi na sharti la ugunduzi mkubwa. Michoro yangu ya daftari ilibidi ichorwe upya. Ombi limepokelewa, cheti bado.

Ushauri niliopuuza ni ule wa kutoonyesha kitu kabla ya kuombea: nilikuwa nimeshaweka video mtandaoni. Sheria ya Kenya humpa mbunifu miezi 12 tangu aonyeshe kitu chake, nikaponea hapo. Ulaya nisahau, hataza ya huko haina nafuu hiyo.

Breki yenyewe? Kavu inashika vizuri. Mvua ikinyesha pale soko la Muthurwa, mpira unateleza kama sabuni. Narudi kwa fundi Jumatatu.