Naomba ushauri: jiko la ofisini limegeuzwa stoo

Asalam aleikum ndugu zangu. Nafanya kazi ya uhasibu katika ofisi moja hapa Malindi, upande wa Barabara ya Lamu. Tulikuwa na chumba kidogo cha kupikia chai, kina sinki, meza na birika la umeme. Alipokuja meneja mpya kikajazwa mafaili, na birika likapigwa marufuku, eti linakula umeme.

Sasa saa nne tunapewa dakika 15. Mama wa mahamri na mbaazi yuko ng'ambo ya barabara, na saa hiyo madereva wa tuktuk wamemjaa. Ukichelewa kurudi, jina linaingia daftarini. Wanaobeba chai kwa chupa wanaosha vikombe kwenye beseni la chooni. Hili la chooni ndilo linaloniuma hasa. Mwenzetu mmoja ana mimba, na harufu ile humtapisha.

Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri atoe maji safi ya kutosha, hilo nalijua. Chai ya bure siidai. Tuko tayari kuchanga majani, sukari, hata tokeni za umeme. Tunataka mahali safi pa kuoshea kikombe, na muda wa kunywa chai.

Je, tuandike barua ya pamoja, au nimwendee meneja kwanza peke yangu? Ni mtu mzima kwangu, sitaki aone namvunjia heshima. Na afisa wa leba, ni mapema mno kumpelekea? Aliyepitia haya anieleze alianzia wapi.