Kujijengea Linux toka msimbo chanzo: nianze na LFS au kuna njia fupi?

fundi_mtwara:
Wakuu, habari za jioni. Nina laptopu ya zamani, ramu GB 4, inatumia Debian. Nataka nijijengee Linux yangu toka msimbo chanzo. Si kwa kazi za kila siku, nataka tu nijue kinachotokea tangu keneli (kiini cha mfumo) inapoamka hadi teminali inapokuja. Nimeanza kusoma kitabu cha Linux From Scratch (LFS), kinachofundisha kujenga mfumo mzima hatua kwa hatua, naona safari ni ndefu, na huku umeme unakatika hovyo.

pwani_tz:
Mkuu weka Alpine, Linux iliyo tayari. Nyepesi, ina musl (maktaba ndogo ya C) na BusyBox, maisha yanaendelea.

dada_teminali:
Alpine naipenda, ila pale vitu vimeshakompailiwa, na mwenzetu anataka kuona ndani. Mdogo wangu, anza na keneli na BusyBox, basi. BusyBox ni faili moja lililobeba sh, ls, mount na amri kibao. Kwenye menuconfig yake (menyu ya mipangilio kabla ya kukompaili) washa "static", la sivyo itatafuta maktaba ambazo hujaweka na haitaamka. Kisha andika skripti iitwayo init: i-mount proc na sysfs (keneli huonyesha humo hali ya mfumo), halafu exec sh. Ipe chmod +x, funga vyote kuwa faili moja kwa cpio, washa ndani ya QEMU (kompyuta ya kuigiza) ili Debian yako ibaki salama. Ukipata alama ya #, andika exit makusudi. Keneli itapaniki palepale, kwa sababu umeua mchakato namba 1, yaani ile sh iliyochukua nafasi ya init. Hapo swali lako limejibiwa nusu nzima.

fundi_mtwara:
Asante sana dada. Na LFS je, umeme ukikatika katikati?

dada_teminali:
Vilivyokwisha kusakinishwa vinabaki kwenye diski. Kifurushi kilichokatikia njiani, futa folda yake, fungua tarball (faili la msimbo lililofungwa) upya. Kama ulishafika hatua ya chroot (kuingia ndani ya mfumo mpya), rudisha kwanza mount za /dev, /proc, /sys na /run. Na kila ukiwasha mashine, kabla ya yote: echo $LFS, ikuonyeshe folda unakojengea, yaani /mnt/lfs. Ikitoka tupu, simama, maana amri zinaweza kuandika juu ya Debian yako.

GCC (kompaila) kwa ramu hiyo tumia make -j2 (kazi mbili kwa mpigo), na swap (nafasi ya diski ya kusaidia ramu) iwepo. Ukimaliza Glibc (maktaba kuu ya C) usiruke jaribio la readelf, linaloonyesha programu itatafuta wapi kipakiaji chake, nakuomba sana. Kwa mashine ya biti 64 lazima uone /lib64/ld-linux-x86-64.so.2, bila /mnt/lfs mbele yake. Ukiona tofauti, usiguse kifurushi kinachofuata. Leta matokeo hapa tuyaangalie.