Mjadala: Mipini ya mbao iondolewe kwenye visu vya kuparia samaki?

Mleta mada, Kigoma Mjini
Ndugu zangu, naileta hoja hii kwa wanaoijua kazi. Wanaopara na kupasua migebuka na sangara wa kuuza, pale kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga, waache visu vya mipini ya mbao, watumie vya sintetiki, yaani plastiki na jamii yake. Mbao hunywa maji, damu na mafuta ya samaki, na haitakati hata uisugue. Sintetiki hainywi maji na inavumilia klorini. Naunga mkono. Anayepinga alete hoja zinazopimika.

Fundi visu, Mwanga
Mleta mada, kwanza tujue ni sintetiki ipi. Nyingi tunayoletewa mafundi ni polietilini: vipande vya matangi ya maji, madumu mazito, vibao chakavu vya kukatia nyama. Gundi ya epoksi haiishiki polietilini hiyo hata uikwaruze vipi, ikikauka unaibandua kwa ukucha. Mpini unabaki umeshikwa na riveti tu. Tena polietilini hutanuka kwa joto zaidi ya mara kumi kuliko chuma. Mpini wa sentimita 11, joto likipanda nyuzi 20, hurefuka karibu theluthi moja ya milimita. Chuma hakifikishi hata sehemu tatu za mia za milimita. Kisu kikishinda juani kisha kikatumbukizwa kwenye ndoo ya maji ya ziwa, tundu la riveti linalegea, mwanya unafunguka, na damu inaingia humo humo unamokusudia kuizuia.

Ya pili ni mikarta na G10. Mikarta ni kitambaa au karatasi iliyoloweshwa resini ya fenoli ikakandamizwa kwa joto. G10 ni kitambaa cha nyuzi za kioo ndani ya epoksi. Hizi hushika gundi na hazivimbi, ila lazima ziagizwe. Kisu cha mninga kilichofungwa sawasawa ni kisafi kuliko cha dumu kilichofungwa ovyo, kwa hiyo napinga katazo linalotaja mbao na kunyamazia ufungaji.

Mpara samaki, Kibirizi
Fundi, basi tueleze kufunga sawasawa ni kupi. Visu tunavyouziwa vimepakwa gundi juu juu. Wiki haiishi, mpini unacheza.

Fundi visu, Mwanga
Dada yangu, anza na msuka, yaani bapa la chuma linaloendelea hadi ndani ya mpini. Laza rula juu yake, tazama kama mwanga unapenya. Ukiona upinde, nyoosha kwanza. Uso wa ndani wa kila kipande cha mpini uuchore msalaba wa penseli, kisha uusugue juu ya msasa namba 80 uliobandikwa kwenye kioo au kigae tambarare, hadi penseli ifutike yote. Msasa ukishikwa kwa vidole hula kingo na kuacha katikati pameinuka, na hapo mwanya umeshautengeneza mwenyewe. Chuma nacho kikwaruze, futa vyote kwa spiriti, usiguse tena kwa mikono mitupu.

Kichwa cha mpini, kule kunakoelekea kwenye makali, kimalizwe kabla ya kubandika: namba 120, 220, hadi 400. Ukingoja mpini ukauke, ama utakwaruza bapa, ama gundi itaganda kwenye kona hiyo, na ndiyo kona inayokamata magamba.

Toboa kipande cha kwanza kwa kufuata tundu la chuma, tia riveti, ndipo utoboe cha pili, ili matundu yasipishane. Epoksi ya mirija miwili ni nusu kwa nusu, ikorogwe dakika nzima. Ukibana kwa jiriwa, gundi ikichungulia pande zote inatosha. Anayekaza mpaka mwisho anaikamua yote nje, na kisu kikianguka kwenye sementi mpini unaachia. Gundi iliyotoka ifute kwa spiriti ikiwa bado mbichi. Kisha acha saa 24, hata kama pakiti imeandikwa dakika 5, maana hizo ni za kuganda tu, nguvu yake kamili bado.

Kulainisha: piga tupa hadi mpini na chuma vilingane, na ukucha ukikatiza usikwame. Halafu kata msasa utepe wa vidole viwili, uuvute huku na huku kama anayeng'arisha kiatu. Grenda huipasha moto riveti upesi. Epoksi nyingi za madukani hulegea kwenye nyuzi 60 hivi, kwa hiyo riveti ikikuunguza kidole, simama, tia maji. Polietilini usiipige msasa, itaota nywele. Ikwangue kwa makali ya kioo kilichovunjika, nawe uwe umevaa glavu.

Seremala, Tabora
Mbao inasingiziwa. Visu vinavyovimba mpini ni vya paini na mikaratusi isiyokauka. Mninga wa huku kwetu ukikaushwa vizuri hausinyai wala kuvimba sana, na mabaki ya karakana yanatosha: kipande cha sentimita 12 kwa 3, unene sentimita moja. Kiloweke kwenye mafuta ya linsidi, yaani ya mbegu za kitani, usiku mzima, futa, acha wiki nzima kabla ya kukitumia.

Tena miaka ya 1990 mtafiti Dean Cliver na wenzake, Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Marekani, walipima vibao vya kukatia. Bakteria waliowekwa kwenye mbao walizama ndani, hawakuzaliana, wakafa polepole. Plastiki mpya ilisafishika kirahisi, lakini iliyochanjwachanjwa na kisu ilisumbua kusafishwa. Kwa nini mninga uhukumiwe bila kupimwa?

Afisa afya ya mazingira
Seremala, utafiti huo naukubali, ila ulihusu vibao vya kukatia. Kibao hakina kiungo cha chuma na mbao, na hupata muda wa kukauka. Mpini mezani kwa samaki umelowa kutwa, na kutu ikianza chini yake inavimba na kuusukuma kutoka ndani. Mafuta ya linsidi nayo huoshwa na sabuni, inabidi yarudiwe.

Kwenye sheria msitiane hofu. Hata kanuni ya usafi wa chakula ya Umoja wa Ulaya, namba 852 ya mwaka 2004, inayodai vifaa laini vinavyooshika, visivyoshika kutu wala kuwa na sumu, inaacha mlango: mzalishaji akiiridhisha mamlaka kwamba kifaa kingine kinafaa, kinakubaliwa.

Mpara samaki, Kibirizi
Nami naongeza la mkono. Mpini uliong'arishwa mpaka unang'aa, uwe mbao au sintetiki, ukipata utelezi wa samaki unakuchomoka na kiganja kinateleza hadi kwenye makali. Wa kisu cha samaki uishie msasa namba 220, na mbele uwe na kizuizi cha kidole.

Fundi visu, Mwanga
Kweli kabisa, na mikarta isiyong'arishwa hushika vizuri zaidi ikilowa.

Ila kuna jambo halijatajwa, na linaniuma. Vumbi la G10 ni kioo. Barakoa ya kitambaa hailizuii. Inatakiwa ya kuchuja vumbi laini, ya daraja la N95 au P2, msasa wa maji, na tope lake lifutwe kabla halijakauka. Bomba la PVC likiungua kwenye grenda hutoa gesi ya hidrojeni kloridi, inayochoma macho na koo. Mafundi wengi wanafanyia kazi barazani, pembeni mama ntilie anapakua chakula. Mkilazimisha sintetiki leo, usafi wa samaki mtakuwa mmeulipia kwa mapafu ya mafundi. Vumbi la mninga nalo huwasha pua, lakini si sawa na kioo.

Mleta mada, Kigoma Mjini
Hilo la vumbi sikulipima. Nabadili hoja: kipimo kiwe kiungo, si aina ya mpini. Loweka kisu saa moja, kifute kikauke, bana karatasi laini kwenye maungio. Karatasi ikilowa, kisu kirudi kwa fundi.

Afisa afya ya mazingira
Kipimo ni kizuri kwa kisu kimoja. Alfajiri mitumbwi ikishusha samaki, mezani kuna visu vingi na watu wana haraka. Hakuna atakayengoja saa moja. Mpini wa mbao au wa sintetiki nautambua kwa rangi nikipita tu. Bado nasimama na sintetiki, ila iwe mikarta, na ichongewe karakana yenye maji na barakoa.

Seremala, Tabora
Na bei ya mikarta anailipa nani, mpara samaki?