MREJESHO: Bwawa la jirani lililopasuka na kusomba mahindi yangu

Wakuu, niliuliza hapa kama naweza kumdai jirani ambaye bwawa lake la umwagiliaji lilipasuka usiku na kusomba mahindi na banda la kuku, wakati yeye anasema hakufanya uzembe wowote. Asanteni sana kwa majibu.

Nilifuata ushauri wa kwenda kwa wakili nikiwa na picha na tathmini ya afisa ugani. Wakili aliandika barua ya madai akitumia kanuni ya Rylands dhidi ya Fletcher, kesi ya Uingereza ya 1868, ambayo nayo ilihusu maji ya bwawa kuingia kwenye mgodi wa jirani. Ukikusanya kwenye ardhi yako kitu chenye hatari kikitoroka, kwa matumizi yasiyo ya kawaida ya ardhi, unawajibika hata bila uzembe. Hapo ndipo jirani alipolegea.

Alijitetea kwamba mvua ilikuwa kazi ya Mungu. Wakili akamjibu kuwa utetezi huo unahitaji tukio lisilotarajiwa kabisa, na masika huja kila mwaka.

Tumemalizana mbele ya mtendaji wa kijiji, kwa maandishi. Mahindi na banda amelipa. Mguu wa kijana wangu ulioumia, hapana: kanuni hii inalinda ardhi na mali, majeraha ya mwili yanadaiwa kwa kuthibitisha uzembe, na ushahidi huo hatuna. Imeniuma, maana matibabu yake ndiyo yaliyotugharimu zaidi.

Aliyesema nipige picha kabla ya kufukia mfereji, Mungu akubariki. Zile picha ndizo zilizoonyesha ukingo ulipokatikia.